Kifuniko cha Sufuria: Historia ya Kuni Kwetu Kivu Tangu 1994



Katika miji ya nchi tajiri, kila unapotokea uhaba wa mafuta au wa gesi, wakuu wa serikali huwaomba wakaaji wa majumba wazime taa wasizozihitaji, wapunguze joto la vyumba, wafunge madirisha. Ilikuwa hivyo mwaka 1973, nchi za Waarabu zilipopunguza mafuta zilizokuwa zikiuza. Ikawa hivyo tena mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoinyima Ulaya sehemu kubwa ya gesi iliyoizoea kutoka Urusi. Kijana wa Kashuga akisikia habari hizo hutabasamu. Azime taa gani? Nyumba nyingi za kwetu hazina waya. Zina mafiga matatu, chungu au sufuria juu yake, na mama anayepuliza moto huku machozi ya moshi yakimtoka.

Hata hivyo, ombi lile lile la kutumia kidogo lilifika Kivu ya Kaskazini kabla ya wengi wenu kuzaliwa, tena lilielekezwa kwa mamia ya maelfu ya watu kwa mara moja. Ni historia ambayo hatukuikuta katika vitabu tulivyofundishia, wala hatuikumbuki katika mitihani ya taifa. Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tuliiona kwa macho, na tunadhani inafaa kuandikwa.

Sisi wa Masisi na Walikale tulikuwa tumekwisha kuonja vita tangu Machi 1993, tangu mauaji ya sokoni Ntoto. Kisha, katikati ya Julai 1994, kwa siku chache tu, Wanyarwanda walivuka mpaka na kujaa Goma. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba walipita 700,000. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano: kuchimba choo ni kazi, kuchimba kaburi ni kazi, na mvua ikinyesha maji hayakai juu yake. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika majuma ya kwanza. Waliosalia waliwekwa katika kambi za Kibumba, Kahindo na Katale kwenye barabara ya Rutshuru, na Mugunga kwenye barabara ya Sake. Tazameni ramani: kambi hizo zilipakana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga au zilikuwa karibu nayo sana. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, enzi za Wabelgiji, wazee wetu wakaijua kwa jina la Parke Albert. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1979.

Mashirika yalileta mahindi, maharage na mafuta ya kupikia. Hakuna aliyeleta moto.

Neno hili tunalisema bila dhihaka. Waliopanga misaada walikuwa na mambo ya haraka zaidi, maana watu walikuwa wakifa barabarani. Lakini maharage makavu bila kuni si chakula bado, na familia haiwezi kungoja hadi mkutano wa mipango umalizike. Kila asubuhi watu waliingia hifadhini na mapanga. Katika kilele cha mambo hayo ilikadiriwa kwamba watu wapatao 80,000 waliingia kwa siku moja, na kwamba kati ya tani 410 na tani 770 za kuni na miti zilitolewa kila siku. Kambi zilipovunjwa mwezi Novemba 1996, kilomita za mraba zipatazo 105 za msitu zilikuwa zimeguswa na mapanga, na kati ya hizo yapata 35 zilikuwa zimebaki tupu kabisa. Mwishoni mwa 1994 UNESCO ilikuwa tayari imeiandika Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Ndani ya kambi zile walikuwamo watu waliotenda mauaji ya kimbari ya Watutsi, na walikuwa na silaha zao. Walikuwamo pia watoto wa kunyonya na mabibi vikongwe. Moto wa jikoni ulihitajika kwa wote hao.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, likisaidiwa na wengine, lilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa kununua kuni mbali na hifadhi na kuzileta kwa malori. La pili, ambalo ndilo linalotuhusu, lilikuwa kufundisha watu kupika kwa kuni chache. Yalitengenezwa majiko yaliyoboreshwa, na wanawake wakateuliwa kwenda hema kwa hema wakifundisha namna ya kuutunza moto. Mafundisho yenyewe bibi zetu wangeyaona ya kawaida sana. Kuni zipasuliwe nyembamba na zianikwe zikauke, kwa sababu kuni mbichi hutumia sehemu ya nguvu yake kujikausha yenyewe na kutoa moshi. Moto ukingwe upepo. Maharage yalowekwe tangu jioni. Sufuria ifunikwe. Chakula kikiiva, kuni zitolewe na kuzimwa kwa udongo ili zitumike kesho, badala ya kuachwa zife polepole peke yake.

Tuliwahi kuwafundisha wanafunzi wa ualimu jambo hili kwa jaribio dogo. Tulichukua maharage ya gunia moja tukayagawa kwa mizani sehemu mbili sawa. Sehemu moja ililala majini usiku kucha katika sufuria yenye kifuniko, nyingine ikawekwa motoni ikiwa kavu, bila kifuniko. Tuliwapa wapishi wawili mafungu sawa ya kuni. Yale yaliyolowekwa yalikuwa yamekwisha kuliwa, na masahani yameoshwa, wakati yale mengine bado yanagonga meno na mpishi wake ameomba fungu la pili. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini maharage ya kwetu huchelewa kuiva kuliko yale aliyokula alipotembelea ndugu zake Uvira. Ni swali zuri. Sisi tunaishi juu milimani, na juu milimani maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Kwetu huchemka yapata digrii 94 au 95. Ukiongeza kuni, maji yataruka-ruka na kumwagika, lakini hayatakuwa na moto zaidi ya hapo. Mpishi anayechochea moto mkubwa chini ya sufuria ambayo tayari inachemka anachoma kuni ili kupata mvuke. Moto mdogo unaoendeleza mchemko unatosha, na kifuniko kinauzuia mvuke usiondoke na joto lake. Jambo hili la mwisho ndilo gumu kuaminika, kwa kuwa macho hupenda kuona maji yakiruka.

Basi kama mafundisho yalikuwa mepesi hivyo, kwa nini msitu uliendelea kukatwa?

Hapa historia inatufundisha zaidi kuliko maabara. Jibu la kwanza ni kwamba ushauri ulikuwa sahihi lakini mahali hapakuuruhusu. Kuloweka maharage kunahitaji maji, na Kibumba haikuwa na maji: yaliletwa kwa magari, watu wakapanga mistari kwa saa nyingi. Mama mwenye bidoni moja kwa siku hawezi kuyafungia maji usiku kucha ndani ya maharage. Kuloweka kunahitaji pia usalama, kwa sababu chakula kinacholala nje ya hema kinaweza kuamka katika hema la mwingine. Kupika pamoja, familia mbili au tatu katika sufuria moja kubwa, huokoa kuni nyingi. Lakini nani atakubali kula sufuria moja na jirani asiyemjua, baada ya waliyoyaona Rwanda? Na mahindi yalipogawiwa yakiwa punje nzima, yalikula kuni kwa saa kadhaa, ilhali unga huiva kwa dakika chache. Kinu kimoja cha kusagia kingefanya kazi ya mafunzo mia moja. Aliyechagua aina ya chakula huko mbali alikuwa amechagua pia, bila kujua, idadi ya miti itakayoanguka.

Jibu la pili linahusu bei. Kuni zilizoletwa kwa lori ziligawiwa bure, na kitu cha bure hakimfundishi mtu kubana. Watumishi wa wakimbizi katika nchi nyingi waliliona jambo hilo hilo, hata wakaliandika katika miongozo yao ya baadaye: kuni za bure zikitolewa bila masharti, watu hawaachi kukata nyingine, na majiko ya bure mara nyingi huishia sokoni. Sisi hatulioni hili kuwa uovu wa wakimbizi. Mtu mwenye kitu kimoja tu kinachoweza kuuzwa, na mtoto mgonjwa, anauza.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani jibu ni chombo chenyewe. Baada ya tetemeko la ardhi la Guatemala la mwaka 1976, kulibuniwa huko jiko kubwa la udongo na mchanga lililoitwa Lorena, likasifiwa duniani kote kwamba litapunguza kuni kwa nusu. Lilipokuja kupimwa kwa makini, ikaonekana kwamba mara nyingi lilitumia kuni sawa na mafiga matatu, au hata zaidi, kwa sababu udongo ule mwingi ulimeza joto kabla halijafika kwenye sufuria. Mafiga matatu yaliyotunzwa na mwanamke mwenye ujuzi yalilishinda. Lorena lilikuwa na bomba la moshi, nalo ni jema kwa mapafu, lakini hilo ni jambo jingine. Tunaitaja habari hii kwa sababu vijana wetu huvutwa na kitu kipya, na husahau kuuliza kama kimepimwa jikoni, mikononi mwa mpishi wa kweli.

Kenya walifanya vizuri zaidi. Mwaka 1981 Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya vyanzo vipya vya nishati, na katika miaka iliyofuata mafundi na wataalamu, akiwamo Maxwell Kinyanjui, walichukua jiko la ndoo la Thailand wakalichanganya na jiko la bati lililozoeleka mitaani. Wakapata jiko lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani. Vyungu vya kwanza vilipasuka, na bei ilikuwa juu. Lakini kazi iliachiwa mafundi wa jua kali wenyewe, wakashindana, wakarekebisha, bei ikashuka. Jiko hilo likitumika vizuri huokoa theluthi moja hata nusu ya makala, na leo ndugu zake wanapatikana Kampala, Kigali na Goma.

Angalieni lakini ni wapi lilienea: mijini. Mwanamke wa mjini hununua makala kila juma kwa fedha taslimu, na akiokoa nusu ya gunia anaona faranga mkononi. Kijijini kuni hazina bei sokoni. Anayezilipia hulipa kwa mgongo na kwa miguu, na mgongo huo, kwa desturi yetu, ni wa mama na wa binti, huku mfuko wa fedha ukiwa kwa baba. Asiyebeba hahisi hasara, na anayehisi hasara hana fedha ya jiko. Tumeona nyumba zenye redio mbili na simu tatu ambazo hazijawahi kununua kifuniko.

Kambi zilipokwisha, mahitaji ya moto hayakwisha, yalihamia mjini. Goma ilikua upesi, hata baada ya Nyiragongo kuichoma Januari 2002, na karibu nyumba zote zilipika kwa mbabula za makala. Kutengeneza makala kwa tanuri la udongo hupoteza mti mwingi: kilo mia moja za kuni hutoa kilo kumi hadi ishirini tu za makala, mengine yakipotea kwa moshi. Sehemu kubwa ya makala hayo ilitoka Virunga, na biashara yake ilitajirisha wenye bunduki wa kila upande. Tarehe 22 Julai 2007 sokwe wa milimani wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, miongoni mwao dume mkuu Senkwekwe. Nyama haikuchukuliwa, watoto hawakuibwa. Uchunguzi uliofuata uliyahusisha mauaji hayo na biashara ya makala. Ilikuwa kana kwamba walinzi wa hifadhi wanaambiwa: mkituzuia msitu, hamtabaki na cha kulinda.

Mwaka huo huo wa 2007 shirika la WWF lilianzisha mpango wa EcoMakala, wakulima wenye viwanja wakapanda mikaratusi, grevilea na akasia ili mji upate makala yasiyotoka hifadhini, na mafundi wa Goma wakafundishwa kutengeneza majiko bora. Mpango huo ulifaa wenye ardhi. Kwetu Masisi, ambako mashamba makubwa ya ng'ombe yamejaa vilimani na wengi hawana hata kiwanja cha viazi, nani atapanda mti wa kuvuna baada ya miaka saba, hali hajui kama mwaka ujao atakuwa bado kwenye kilima hicho? Kupanda mti ni kuamini kwamba utakuwepo.

Kisha ukaja umeme wa maji. Desemba 2015 mtambo wa Matebe, katika Rutshuru, ulizinduliwa ukiwa na nguvu ya megawati 13.8, ukajengwa kwa juhudi za wasimamizi wa hifadhi yenyewe, na nyaya zake zikafika Goma. Wengi walidhani mbabula sasa zitatupwa. Hazikutupwa. Umeme uliwasha taa, uliendesha vinu, uchomeleaji na mashine za kunyoa nywele, lakini maharage yaliendelea kuchemka kwenye makala, kwa kuwa jiko la umeme ni ghali na maharage huchukua saa nyingi. Tena, penye taa, ombi la Ulaya nalo likafika: mita ya malipo ya kabla huwaonyesha watu namba zikishuka, na baba ambaye hajawahi kujali fungu la kuni sasa anamwambia mtoto azime taa ya chumba kisicho na mtu. Tulicheka tulipoliona hilo nyumbani mwa rafiki yetu, kisha tukanyamaza. Tofauti ilikuwa nini? Mita humlilia yeye.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja miongoni mwa matendo madogo kuzima taa zisizohitajika na kupika kile tu kitakacholiwa. Tulipousoma waraka huo katika mkutano wa makatekista, wengine waliona kwamba mambo hayo ni ya watu wa mijini. Sisi hatukukubali, na sababu yetu ndiyo iliyotufanya tuandike kurasa hizi.

Kashuga yetu imepokea wakimbizi wa ndani mara nyingi, na zaidi ya mara moja sisi wenyewe tumefunga mizigo. Kambi zikijaa, miti ya karibu huisha, na safari ya kuni hurefuka. Mnajua wote nani anakwenda, na mnajua anakutana na nani njiani. Madaktari wanaohudumu katika eneo letu wamepokea wanawake na wasichana waliobakwa walipokuwa wakitafuta kuni, na wengine hawafiki kwa daktari kamwe. Ulaya, nishati iliyookolewa huhesabiwa kwa fedha. Kwetu ihesabiwe kwa safari. Fungu moja la kuni likitosha siku tatu badala ya mbili, binti anayekwenda mara kumi na tano kwa mwezi atakwenda mara kumi. Hizo tano zilizobaki hatujui zingekuwa na nini ndani yake.

Tulilisema hili siku moja mbele ya akina mama wa kambi, pamoja na vijana wa kikundi chetu waliokuja kuonyesha namna ya kufunika sufuria na kuloweka maharage. Wavulana walikuwa wamejiandaa vizuri, wakaeleza hata habari ya digrii 94. Mama mmoja mtu mzima alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa upole: "Wanangu, asanteni. Katika ninyi mliosema, nani amewahi kwenda kuni?" Hakuna aliyejibu. Akaendelea: "Maharage ninaloweka tangu niolewe. Nikikosa maji, siloweki. Kifuniko changu nilikiacha Kitchanga nilipokimbia. Hizi kuni zangu ni nene, na panga sina."

Katika mafundisho yote ya mwaka 1994 tunayoyafahamu, swali lake halikuwamo.

Jumamosi iliyofuata wavulana wanne walirudi na mapanga mawili na shoka la kuazima. Walipasua kuni za mama yule na za majirani zake, wakazipanga ukutani zikauke. Mmoja alipasua vibaya sana, vipande vikaruka hadi kwa jirani, na watoto wakamcheka. Mwingine alileta kifuniko kilichokatwa kutoka bati la zamani, kikubwa kuliko sufuria, chenye kingo zilizokunjwa kwa nyundo. Mama alikitazama, akakigeuza, akakiweka juu ya maharage, halafu akamwambia yule kijana achukue bidoni akachote maji.